Kutoka Nob Hill hadi Balmy Alley: Historia ya Picha za Panorama na Kuta Zilizochorwa za San Francisco

Picha ya panorama, yaani picha ndefu inayokusanya katika ukanda mmoja upana wa mandhari ambao jicho haliwezi kuuona bila shingo kugeuka, ilizaliwa juu ya vilima na mapaa ya majumba, na ilichukua zaidi ya karne moja kabla ya kushuka mtaani na kusimama mbele ya ukuta. Mpiga picha wa kilimani aliutazama mji kama mali, ramani au ushindi, ilhali yule wa kichochoroni, mgongo wake ukikaribia kugusa uzio wa jirani, aliutazama kupitia kazi ya mikono ya wakazi wake. San Francisco, katika pwani ya magharibi ya Marekani, ni mmoja kati ya miji michache ambamo historia hiyo inaweza kufuatwa tangu mwanzo hadi leo, kwa kuwa vilima vyake viliwavuta wapiga picha tangu miaka ya 1850, tetemeko la mwaka 1906 liliwalazimisha kubuni njia mpya za kuuona, na mtaa wake wa Mission ulikuja kuwa na mkusanyiko mkubwa wa michoro ya ukutani ambayo haitoshei katika picha ya kawaida. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba panorama, ijapokuwa inasifiwa kwa upana wake, ni picha ya wakati kuliko ilivyo picha ya nafasi, na kwamba sifa hiyo ya wakati ndiyo iliyoifanya iwe mlinzi wa kumbukumbu ya sanaa isiyodumu.

Wazo lenyewe lilitangulia kamera. Robert Barker, mchoraji mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akiishi Edinburgh, alisajili mwaka 1787 hataza ya mbinu ya kuchora mandhari nzima kwenye turubai lililozungushwa ndani ya jengo la duara, mtazamaji akisimama katikati, na mwaka 1793 alifungua jengo la namna hiyo huko Leicester Square, London, ambako watu walilipa kiingilio ili waone miji na vita ambavyo hawakuvishuhudia. Louis Daguerre naye, ambaye mbinu yake ya kunasa picha kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha ilitangazwa mjini Paris mwaka 1839, alikuwa tayari amejipatia jina katika biashara ya maonyesho ya michoro mikubwa, na kwa hiyo si ajabu kwamba miaka michache tu baadaye mafundi walianza kutafuta namna ya kuifanya kamera izunguke. Joseph Puchberger wa Austria alipata hataza ya kamera ya lenzi inayogeuka mwaka 1843, na katika miaka iliyofuata Friedrich von Martens alitengeneza mjini Paris kamera iliyonasa nyuzi 150 kwenye bamba lililopindwa. Hata hivyo mashine hizo zilikuwa adimu, na kwa wapiga picha wengi wa karne ya 19 njia ya kawaida ilibaki kuwa ile rahisi kuielezea na ngumu kuitekeleza: kupiga picha kadhaa mfululizo, kila moja ikianzia pale ya kabla ilipoishia, kisha kuzipanga bega kwa bega.

San Francisco iliifaa sana njia hiyo. Baada ya dhahabu kugunduliwa California mwaka 1848, kijiji cha bandari kiligeuka mji wa maelfu kwa muda wa miezi, meli zikaachwa ghubani kwa sababu mabaharia walikimbilia machimboni, na mwanzoni mwa miaka ya 1850 wapiga picha walikuwa wameshapanda vilimani kuunganisha mabamba matano na zaidi ili kuonesha milingoti hiyo iliyosongamana pamoja na nyumba za mbao zilizokuwa zikijengwa upya baada ya kila moto. Kila bamba lilikuwa la pekee, lisiloweza kutolewa nakala, na hivyo panorama ya aina hiyo ilikuwa kitu cha thamani kilichowekwa kwenye fremu, kilichofaa kumwonesha mwekezaji wa mbali kwamba mji upo na unakua.

Aliyeifikisha kazi hiyo kwenye kilele chake ni Eadweard Muybridge, Mwingereza aliyezaliwa Kingston upon Thames mwaka 1830, ambaye leo anakumbukwa zaidi kwa picha zake za farasi wakikimbia. Mwaka 1877 alipanda kwenye mnara wa jumba lililokuwa likijengwa na Mark Hopkins, mmoja wa matajiri wanne wa reli ya Central Pacific, juu ya kilima cha mtaa wa California kinachoitwa Nob Hill, akageuza kamera yake hatua kwa hatua hadi alipozunguka duara lote, na akapata picha 11 zilizounganishwa kuwa ukanda wenye urefu wa zaidi ya mita 2. Mwaka uliofuata alirudi mahali palepale na kamera kubwa zaidi, akatumia mabamba 13 ya vioo ya ukubwa uliopita wote uliokuwa ukitumika kwa kawaida, na panorama iliyotokana nayo ina urefu wa zaidi ya mita 5. Ugumu wa kazi hiyo hauonekani katika picha iliyokamilika. Mbinu ya wakati huo ilikuwa ya kolodioni mbichi, yaani kioo kilipakwa dawa nzito yenye kunata, kikatumbukizwa katika mmumunyo wa chumvi ya fedha, kikaingizwa ndani ya kamera kikiwa bado kibichi na kusafishwa kabla hakijakauka, na yote hayo yalipaswa kumalizika kwa dakika chache katika chumba cha giza kilichowekwa karibu. Bamba moja likiharibika kwa upepo au vumbi, ukanda wote uliingia pengo.

Kwa kuwa kila bamba lilihitaji muda wake, panorama ya Muybridge ni kumbukumbu ya saa nyingi za mchana zilizojifanya kuwa dakika moja. Mtazamaji anayezifuata picha zake kutoka upande mmoja hadi mwingine na kuchunguza vivuli vya nyumba hugundua kwamba jua limehama, na kwamba vivuli vya kipande kimoja haviafikiani na vile vya kipande kilicho mbali nacho. Mitaa nayo inaonekana kuwa mitupu karibu kabisa, kwa sababu wapita njia na mikokoteni ilisonga haraka kuliko bamba lilivyoweza kuinasa. Mji wenye mamia ya maelfu ya wakazi unaonekana kana kwamba wameondoka wote. Kasoro hizo mbili, wakati uliofichwa na watu waliofutika, zimeiandama sanaa ya panorama hadi leo, na zinastahili kukumbukwa kila mara picha ndefu ya mtaa inapoletwa kuwa ushahidi.

Ndani ya panorama hiyo kuna kitu kimoja kinachohusiana moja kwa moja na mada ya kuta. Karibu na jumba la Hopkins, tajiri mwenzake Charles Crocker alitaka kununua eneo zima la mtaa, lakini jirani mmoja, Nicholas Yung, hakukubaliana naye kuhusu bei ya nyumba yake ndogo, na Crocker akamzungushia pande tatu uzio wa mbao wenye kimo cha mita 12 hivi, uliomnyima mwanga na upepo. Uzio huo unaonekana waziwazi katika picha za Muybridge, ukisimama kama sanduku lisilo na mfuniko katikati ya majumba ya fahari, na katika mwaka huohuo wa 1877 wafanyakazi walioandamana dhidi ya matajiri wa reli waliufanya kuwa alama ya manung'uniko yao. Muybridge hakuupiga picha kwa lengo la kuulalamikia, kwani alisimama katika nyumba ya swahiba wa Crocker na wateja wake walikuwa watu wa tabaka hilohilo; lakini kamera inayozunguka duara zima haina nafasi ya kuchagua, na hapo ndipo panorama inapoizidi picha ya kawaida kwa uaminifu, hata dhidi ya nia ya aliyeipiga.

Mji aliouona Muybridge uliangamia tarehe 18 Aprili 1906, pale tetemeko la alfajiri na moto uliofuata kwa siku kadhaa vilipoteketeza majengo zaidi ya 28,000, yakiwemo majumba ya Nob Hill. Siku chache tu kabla ya maafa hayo, kampuni ya ndugu wa familia ya Miles ilikuwa imefunga kamera ya sinema mbele ya gari la reli lililovutwa kwa kebo na kurekodi mwendo wake katika mtaa wa Market hadi kwenye jengo la feri, na filamu hiyo ya dakika zisizozidi 15 ni panorama ya aina nyingine, ambayo badala ya kuzunguka imesonga mbele, na ambayo iliwarudisha mtaani wale watu ambao mabamba ya Muybridge yaliwafuta: wauza magazeti, wapanda baiskeli, madereva wa magari ya farasi na vijana wanaokatiza mbele ya gari kwa makusudi ili waonekane. Wiki sita hivi baada ya tetemeko, George Lawrence wa Chicago alipandisha kamera yenye uzito wa kilo 22 hivi kwa msururu wa vishada, mita 600 juu ya ghuba, akaifyatua kwa umeme uliopitishwa kwenye waya, na akapata picha moja pana ya mji uliogeuka magofu, iliyo dhahiri kiasi kwamba mistari ya mitaa inahesabika. Picha ya Lawrence ilinunuliwa kwa bei kubwa na kuchapishwa kila mahali, na ni ya ajabu kweli, ila ni filamu ya mtaa wa Market inayomfanya mtazamaji wa leo ahisi kilichopotea.

Kwa upande wa vifaa, mwanzo wa karne ya 20 uliitoa panorama mikononi mwa mabingwa wachache. Kamera ya Cirkut, iliyobuniwa na William Johnston na kupewa hataza mwaka 1904, iliwekwa kwenye stendi ya miguu mitatu yenye gurudumu la meno, ikazungushwa na mtambo kama wa saa ya kutia ufunguo, huku filamu yake ikipita nyuma ya mwanya mwembamba kwa kasi iliyolingana na mzunguko wa kamera, hivi kwamba mandhari ilipakwa juu ya filamu kama rangi inavyopakwa kwa brashi moja ndefu. Filamu kubwa zaidi za kamera hiyo zilikuwa na upana wa sentimita 40 na urefu wa mita 6. Kazi yake kuu ikawa kupiga picha za makundi: wanafunzi, askari, wajumbe wa mikutano, waumini. Watu walipangwa katika umbo la upinde kuizunguka kamera ili katika picha waonekane wamenyooka mstari mmoja, na kwa kuwa kamera ilichukua sekunde kadhaa kutoka upande mmoja hadi mwingine, mwanafunzi mtundu aliyesimama mwanzoni mwa mstari aliweza kukimbia nyuma ya wenzake na kujitokeza tena mwishoni, akawa yuko mara mbili katika picha moja.

Jambo hilo la upinde lina matokeo makubwa kwa anayetaka kupiga picha ya ukuta. Kamera inayozunguka mahali pamoja hupima kila kitu kwa umbali wake kutoka kwenye mhimili, kwa hiyo watu waliopangwa kwa upinde hunyooka, lakini ukuta ulionyooka hupinda: sehemu iliyo mbele kabisa ya kamera huvimba, na ncha zake mbili hunywea na kukimbilia mbali. Kwa mandhari ya mlima au bahari kasoro hiyo haina uzito, kwani hakuna ajuaye mstari wa mlima ulipaswa kuwaje. Kwa mchoro wa ukutani ambao msanii ameupima kwa uwiano, ni upotoshaji wa kazi yake. Haja ya kutafuta njia nyingine ilizidi kuonekana kadiri kuta zenyewe zilivyojaa rangi.

Utamaduni wa kuchora kutani ulifika San Francisco kutoka Mexico. Diego Rivera alifanya kazi mjini humo mwaka 1930 na 1931, akarudi mwaka 1940 kuchora mbele ya hadhira, kwenye maonyesho ya kimataifa ya kisiwa cha Treasure, mchoro wa umoja wa mabara ya Amerika wenye upana wa mita 22 na zaidi. Na kati ya safari hizo mbili, mwaka 1934, wasanii waliolipwa na serikali walijaza kuta za ndani za mnara wa Coit kwa picha za maisha ya California. Kazi hizo kwa sehemu kubwa zilikuwa za fresko, yaani rangi iliyopakwa kwenye plasta mbichi ikakauka pamoja nayo, na nyingi zilikuwa ndani ya majengo, zikilindwa na paa. Michoro ya Mission ilikuwa na mazingira tofauti kabisa. Mtaa huo, ambao katikati ya karne ulikuwa umekaliwa na familia nyingi zenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kupakwa rangi nje, kwenye saruji, mbao na mabati, na watu ambao mara nyingi hawakuwa na tajiri wa kuwalipa. Kundi la wanawake la Mujeres Muralistas lilichora mwaka 1974 ukuta mkubwa juu ya maisha ya Amerika ya Kilatini, likikataa dhana kwamba kupanda jukwaa na kuchora ukuta ni kazi ya wanaume, na mwaka 1977 Susan Cervantes alianzisha pamoja na wenzake taasisi ya Precita Eyes, ambayo imefundisha uchoraji wa ukutani na kuwaongoza wageni mitaani kwa miongo kadhaa.

Balmy Alley ndiko kazi hiyo ilikokusanyika kwa wingi. Ni kichochoro cha urefu wa safu moja ya nyumba, kati ya mtaa wa 24 na mtaa wa 25, kilichopakana pande zote mbili na migongo ya nyumba, kwa hiyo turubai la wachoraji lilikuwa uzio wa mbao na milango ya gereji. Mchoro wa kwanza uliwekwa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ushirikiano wa watoto wa jirani, lakini sura ya leo ya kichochoro ilitokana na mradi ulioitwa PLACA, ulioratibiwa na Ray Patlán mwaka 1984, ambapo makumi ya wasanii walichora michoro zaidi ya 20 kwa mada mbili: kupinga uingiliaji wa Marekani katika vita vya Amerika ya Kati, na kuenzi utamaduni wa watu wa huko. Wakimbizi kutoka El Salvador, Guatemala na Nicaragua walikuwa wakiishi katika nyumba zilezile ambazo nyuzio zake zilichorwa, na hivyo kichochoro kilizungumza na watu waliokuwa wakikipita kila siku wakienda dukani. Uzio wa Nob Hill ulijengwa ili kumziba jirani. Nyuzio hizi zilitolewa na wenyewe, familia moja baada ya nyingine, ili jirani apate kusema neno lake.

Mchoro wa Miranda Bergman na O'Brien Thiele wa mwaka 1984, unaohusu utamaduni kama mbegu ya upinzani, unaonesha kwa nini kazi za namna hii zinahitaji picha ndefu. Umegawanyika pande mbili, mmoja ukibeba huzuni ya familia ambazo ndugu zao walitoweka mikononi mwa askari, mwingine ukibeba mavuno na maisha yanayorejea, na maana yake yote imo katika safari ya jicho kutoka upande mmoja hadi wa pili. Picha ya kawaida ya kitabu au ya kadi ya posta, inayokata kipande kilicho kizuri kwa rangi, humwachia msomaji ama maombolezo yasiyo na tumaini ama tumaini lisilojua lilitokana na nini. Na jambo hilo linapanuka zaidi ya mchoro mmoja, kwa kuwa wachoraji wa PLACA walijua nani angechora kando yao, na kichochoro kikawa kama ukurasa mmoja mrefu ambao kila kazi hujibu iliyo kando yake au iliyo ng'ambo.

Namna ya kuupiga picha ukurasa huo ilikuwa imeshaoneshwa, katika mji mwingine wa California na kwa shabaha tofauti, na msanii Ed Ruscha. Mwaka 1966 alifunga kamera yenye mota kwenye gari, akaendesha katika sehemu ya Sunset Boulevard ya Los Angeles inayoitwa Sunset Strip na kupiga picha za kila jengo la pande zote mbili, kisha akaziunganisha katika kitabu kilichokunjwa kama feni ambacho kikifunguliwa kina urefu wa zaidi ya mita 7, upande mmoja wa barabara ukiwa juu na wa pili ukiwa chini kichwachini. Kamera ya Ruscha haikuzunguka mahali pamoja, bali ilitembea sambamba na ukuta, ikiutazama kila mara uso kwa uso, na kwa hiyo hakuna jengo lililovimba wala kunywea. Mpiga picha wa Balmy Alley hufanya vivyo hivyo kwa miguu: husimama kwenye umbali uleule kutoka kwenye uzio, hupiga, husogea hatua, hupiga tena, akihakikisha kila picha inaingiliana na ya kabla yake kwa theluthi moja hivi ili programu ya kompyuta ipate alama za pamoja za kuziunganishia.

Njia hiyo ina adui wake, paralaksi, yaani hali ya vitu vilivyo karibu kuhama haraka kuliko vilivyo mbali pale kamera inaposogezwa. Uzio wenyewe ukiwa bapa huunganika bila shida, lakini nguzo ya umeme iliyo mbele yake, tawi la mti linaloning'inia, pipa la taka au gari lililoegeshwa hujitokeza mara mbili au hukatwa katikati, kwa sababu kila picha imeviona vitu hivyo vikiwa mahali pengine dhidi ya ukuta. Kwa kamera inayozunguka mahali pamoja tatizo hilo huondolewa kwa kuhakikisha kwamba mhimili wa mzunguko unapita katika ile sehemu ya lenzi ambamo miale ya mwanga hukutana, na mafundi wametengeneza vichwa maalumu vya stendi kwa kazi hiyo. Kwa kamera inayotembea hakuna dawa kamili, na mpiga picha hulazimika kuamua ni kitu gani kitolewe kafara. Kichochoro chembamba huongeza ugumu, kwani hakuna nafasi ya kurudi nyuma, na lenzi pana inayohitajika hapo hupotosha pembe za kila fremu.

Uamuzi wa nini kitolewe kafara si wa kiufundi peke yake. Wapiga picha wengine huamka alfajiri ya Jumapili ili wakute kichochoro kitupu, hufuta nyaya kwa programu na kutoa ukanda safi wa rangi ambao ungeweza kuning'inizwa katika jumba la makumbusho. Picha hizo zina faida yake kwa mtaalamu wa kuhifadhi anayehitaji kujua kila mkwaruzo wa brashi. Lakini zinarudia kosa la mabamba ya Muybridge, la mji usio na watu, na safari hii bila kisingizio cha dawa iliyochelewa. Mchoro wa Balmy haukuchorwa ili utazamwe peke yake: mbele yake hupita mwanamke mwenye mifuko ya mahindi na pilipili kutoka maduka ya mtaa wa 24, mwuza barafu huusukuma mkokoteni wake wenye kengele, na usiku wa tarehe 2 Novemba, katika kuadhimisha Siku ya Wafu, waandamanaji wenye nyuso zilizopakwa rangi ya mafuvu huwasha mishumaa chini ya picha za watu waliouawa katika vita ambavyo michoro hiyo inavikumbuka. Panorama inayowaacha watu hao ndani, hata kama mmoja wao amejitokeza mara mbili au amepoteza kisigino, ni hati bora ya historia kuliko ile iliyosafishwa.

Kuna pia kuta ambazo hazikubali kunyooshwa kwa njia yoyote. Jengo la wanawake la mtaa wa 18, Women's Building, lilifunikwa mwaka 1994 na mchoro unaoitwa Maestrapeace, kazi ya wanawake saba, Juana Alicia, Miranda Bergman, Edythe Boone, Susan Kelk Cervantes, Meera Desai, Yvonne Littleton na Irene Perez, ambao unapanda ghorofa hadi ghorofa na kukata kona ya jengo bila kukatika. Picha inayoutandaza ukutani kama mkeka huua ile kona, ambayo mtazamaji wa mtaani huizunguka kwa miguu yake. Picha inayoionesha kona huzifinya pande zote mbili. Hapa panorama hufikia mpaka wake.

Wakati nao haukuziacha kuta zitulie. Mwaka 1983 Juana Alicia alichora kwenye kona ya mtaa wa York na wa 24 mchoro wa wanawake wavunaji wa letusi, kazi aliyowahi kuifanya mwenyewe, wakiinama mashambani huku ndege ikinyunyiza sumu ya wadudu. Maji yaliingia nyuma ya rangi, ukuta ukaharibika kiasi cha kutotengenezeka, na mwaka 2004 msanii huyohuyo alichora mahali palepale kazi mpya kabisa, yenye rangi ya buluu inayotawala, juu ya maji na wanawake wanaoyapigania. Asiyejua historia hiyo huiona kona ya buluu na hupita. Anayejua anahitaji picha ya zamani ili aone kwamba chini ya maji kuna shamba. Michoro mingine haikufa kwa maji bali kwa kodi: kupanda kwa bei za nyumba kulikoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, pale makampuni ya teknolojia yalipojaa mjini, kuliwaondoa wapangaji na wenye maduka, na mmiliki mpya wa jengo mara nyingi alikuja na ndoo ya rangi nyeupe.

Makampuni hayohayo ya teknolojia yaliiletea panorama uenezi ambao Barker asingeuota. Mwaka 1995 Apple, jirani wa kusini wa mji huo, ilitoa programu iliyomwezesha mtu kugeuza mandhari ya duara kwenye skrini. Mwaka 1998 Mjerumani Helmut Dersch alitoa bure zana za kuunganisha picha ambazo programu nyingi za baadaye zilijengwa juu yake. Na Mei 2007 Google ilizindua Street View katika miji mitano ya Marekani, San Francisco ikiwa mmoja wao, kwa magari yaliyobeba kamera zenye kuona pande zote. Tangu mwaka 2014 mtumiaji ameweza kurudisha nyuma tarehe na kuona ukuta uleule kama ulivyokuwa miaka iliyopita, jambo ambalo kwa mwanahistoria wa michoro ya mitaani ni hazina, kwani linaonesha mwaka ambao mchoro ulizaliwa, mwaka uliochorewa juu yake na mwaka uliofutwa. Hazina hiyo ina mipaka: gari hupita katikati ya barabara bila kujali mwanga, sura za watu hufifishwa, na picha huunganishwa na mashine isiyojua kwamba mstari ilioukata ulikuwa mkono wa mtu.

Sheria nayo imechelewa nyuma ya kamera. Katika nchi kadhaa, Ujerumani ikiwa mfano unaojulikana zaidi, kuna kanuni inayoitwa uhuru wa panorama, inayomruhusu mtu kupiga na kutumia picha za kazi za sanaa zilizowekwa kwa kudumu mahali pa umma bila kuomba ruhusa ya msanii. Sheria ya Marekani hutoa uhuru huo kwa majengo tu, si kwa kilichochorwa juu yake, kwa hiyo anayepiga panorama ya Balmy Alley kwa ajili ya kuiuza kama kalenda au tangazo huwa anagusa haki za wasanii wengi kwa mpigo mmoja, wengine wakiwa wameshahama, wengine wameshafariki. Sheria nyingine, ya mwaka 1990, huwapa wachoraji haki ya kupinga uharibifu wa kazi zenye hadhi inayotambulika, na nguvu yake ilidhihirika mwaka 2018, pale jaji wa New York alipoamuru walipwe dola milioni 6.75 wasanii 21 ambao michoro yao kwenye majengo ya 5Pointz huko Queens ilipakwa rangi nyeupe usiku mmoja wa mwaka 2013. Kwa kuwa michoro yenyewe haikuwepo tena, mahakama ilibidi iipime hadhi yake kwa yale yaliyosalia, zikiwemo picha, na tangu hapo mpiga picha anayeandika tarehe, jina la mtaa na majina ya wachoraji nyuma ya ukanda wake anafanya kazi ambayo inaweza kuhitajika mbele ya jaji.